Mchezo wa Mia wa Kelvin Prowse

Saltwater, Melbourne
12 Juni 2005

Mdogo wangu Kelvin,

Salamu kwako, kwa wifi yangu Glenys, na kwa Rohan, ambaye ndiye hasa ninayemsalimu. Nyinyi wawili mmepata nafasi tu kwenye bahasha. Sisi huku wazima, yaani mimi na paka. Nyonga inaniuma nikipanda ngazi, na daktari akaniambia nipunguze kwenda uwanjani. Nimebadilisha daktari. Janine bado yuko Sydney, bado ameolewa na yule mshabiki wa raga, na wajukuu wangu wanalelewa kipagani hivyohivyo.

Glenys alisema nikupigie simu badala ya kuandika. Simu ni ya watu wasio na hoja. Ukimbana mtu kwenye simu anasema laini imekatika, hasa mtu wa kwenu huko Merredin, ambako laini hukatika ng'ombe akipiga chafya.

Sasa tuje kwenye maafa. Jumamosi Korongo wetu, eti fahari ya Saltwater na ya mpira wa Kiaustralia, tumefungwa kwa alama sabini na moja. Sabini na moja, Kelvin, nyumbani, mvua inanyesha, na pai yangu imelowa. Mabeki walisimama kama watu wanaosubiri kuhudumiwa benki. Robo ya tatu Kona, yule Mgiriki wa kiti cha pembeni, alifungua gazeti akaanza kusoma matangazo ya vifo, akasema angalau hawa wameshapumzika.

Tutamaliza wa pili kutoka mkiani, na hilo ndilo jambo jema pekee, maana aliyeshika mkia huchagua mwanzo siku ya uteuzi wa vijana mwezi wa Novemba. Chaguo namba mbili litakuwa letu. Wale mambumbumbu wa klabu wanataka kulitumia kumchukua kiungo mmoja wa Adelaide mwenye nywele nzuri. Mimi nasema libadilishwe. Tumpe mtu chaguo hilo, atupe mrukaji mzima, mtu wa kuruka katikati ya uwanja na kuugusa mpira kabla ya adui. Hatujawa na mrukaji tangu enzi zako za ubeki. Dean Wurth wa Studley anauzika. Studley ni mabwanyenye na wanywa divai, lakini mtu wao ana futi sita na nusu.

Kiungo kijana hatumhitaji, kwa sababu tunaye wetu. Sheria unaijua: baba akiichezea klabu michezo mia, klabu hiyo humchukua mwanawe kabla ya wengine wote, na hulipa chaguo la mzunguko wa tatu tu, lile la huko chini ambalo wenzetu hupatia watoto wa kubeba chupa za maji. Rohan anafika miaka kumi na minane mwezi wa Agosti. Nakuomba uniandikie kwamba mko tayari.

Dada yako,
Noelene


Merredin
3 Julai 2005

Dada Noelene,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Mvua ilichelewa wiki tatu, ikaja yote kwa siku mbili, sasa ngano imesimama vizuri kwenye shamba la juu na la chini ni bwawa la bata. Kondoo kumi na mmoja wamekwama kwenye tope tukawatoa kwa trekta. Glenys anakusalimu, amechaguliwa tena mweka hazina wa ukumbi wa kijiji kwa kuwa hakuna mwingine aliyehudhuria. Pole kwa nyonga. Mbwa wetu wa zamani amekufa.

Nimesoma mpango wako nikacheka mpaka Glenys akaja kuangalia. Wurth ana miaka thelathini na mmoja na goti lake limepasuliwa mara mbili. Wewe unataka kutoa ndama upewe ng'ombe anayechechemea, tena umshukuru aliyekupa. Chaguo namba mbili ni la kijana. Unamchukua, unamlisha, miaka kumi unaye. Klabu yetu kila ikiona njia ya mkato huingia humo, na mwisho wa njia hiyo huwa kuna ukuta. Walifanya hivyo mwaka wa 1981, wakafanya 1990, na wewe kila mara ulipiga makofi.

Na usiniambie habari za klabu hiyo kama vile nina deni nayo la shukrani. Waliniacha kwa barua ya mistari mitatu, na mmoja wa mistari hiyo ulinitaka nirudishe soksi.

Rohan mzima. Anakula sana.

Mdogo wako,
Kelvin


Saltwater
24 Julai 2005

Kelvin,

Salamu zote. Pole kwa mbwa. Mimi nyonga inaendelea, paka ana mafua, na Janine ametuma picha ya wajukuu wakiwa wamevaa jezi za raga, nimeigeuza uso ukutani.

Unajua kuandika barua, wewe. Nusu ukurasa wa mvua, aya nzima ya ndama na soksi, na kuhusu mtoto niliyekuuliza umeandika kwamba anakula. Kondoo wako nao wanakula. Ndiyo au hapana?

Huko kwenu mnapata gazeti siku mbili baadaye kwa hiyo sikulaumu kwa ujinga. Wurth akitumika miaka mitatu inatosha. Tuna viungo wanaojua kukimbia, hakuna wa kuwaletea mpira. Nimemweleza Kona kwa kutumia vikombe vya chai juu ya uzio. Kona anasema chaguo namba mbili ni la kijana, kama unavyosema wewe, nami nikamwambia yeye na mdogo wangu wakafungue klabu yao, wataishia na watoto wazuri kumi na wanane wasio na mtu wa kuwarushia mpira.

Sasa sikiliza. Jumanne nilikwenda ofisi ya klabu. Unakumbuka vitabu vya rekodi vilivyokuwa chini ya jukwaa? Mwaka juzi bomba lilipasuka vikalowa vyote, sasa vimekuwa kama mkate wa juzi. Hawana hata daftari moja zima. Anayesaka vijana ni Bwana mmoja, Gavin Sloss, anavaa viatu vyenye ncha na anasema "mchakato" kila sentensi ya pili. Nilimwekea mezani albamu zangu sita, kila mchezo wako, tiketi, na kipande cha gazeti. Akafungua, akatoa macho. Akaniuliza, "Una hakika ni mia, mama?" Nikamjibu, "Mimi nilizihesabu wakati wewe bado unanyonya kidole." Akacheka. Sikuwa natania.

Kwa hiyo hesabu ipo. Imebaki sahihi yako.

Noelene


Merredin
4 Septemba 2005

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na wakata manyoya wiki mbili nyumbani na Glenys alipika kuanzia alfajiri. Mmoja wao alikuwa na albamu ya picha za wake zake watatu wa zamani. Glenys mzima, mgongo unamuuma. Rohan amechaguliwa timu ya vijana ya jimbo, nadhani umeshasikia. Anapiga kwa miguu yote miwili, kitu ambacho mimi sikuweza hata siku moja.

Kuhusu lile jambo lako. Usiende tena na albamu ofisini. Siyo kila kitu ni cha kuhesabu. Na huyo Sloss kama anategemea picha za gundi za bibi mwenye nyonga mbovu, basi klabu imekwisha.

Fikira yangu ni hii. Kama wanamtaka Rohan, wamchukue kwa chaguo namba mbili, hadharani, mbele ya watu, kama wanavyochukuliwa watoto wengine. Wasiingie kwa mlango wa nyuma. Walipe bei kamili. Wurth waachieni Studley wamzeeshe wenyewe.

Nakuomba uwaambie hivyo. Sikuombi mambo mengi.

Kelvin


Saltwater
18 Septemba 2005

Kelvin,

Natumaini mgongo wa Glenys umepoa na wakata manyoya wameondoka na albamu zao. Hapa tumemaliza msimu wa pili kutoka mkiani, kama nilivyokuambia Juni, na mchezo wa mwisho tulifungwa na watu waliokuwa wameshapakia mizigo yao ya likizo.

Umeandika upuuzi mwingi maishani mwako lakini huu ni wa kuwekwa kwenye fremu. Chaguo namba mbili kwa mtoto tunayempata kwa la thelathini na nne? Ni kama mtu apewe kondoo bure, aseme hapana, nitaenda mnadani nimnunue huyohuyo. Unaita mlango wa nyuma. Ni mlango wako! Uliujenga kwa magoti yako na meno mawili. Miaka minane ulikula viwiko vya watu kwa ajili ya jezi ile, na sasa sheria inampa mwanao kitu kidogo kwa jasho hilo, wewe unaona haya. Kiburi chako, Kelvin, kingekuwa ngano ungelisha China.

Na usijifanye unamsemea mtoto. Ameniandikia. Ndiyo, kimyakimya, kurasa mbili, mwandiko wa kuku. Anasema: "Shangazi, sitaki timu nyingine. Jezi ya Baba namba 27 iko juu ya kitanda changu tangu nina miaka minne. Nikimuuliza Baba anatoka nje kuangalia pampu ya maji." Mtoto wa miaka kumi na minane, anaweza kupata klabu yoyote nchini, anachagua hii takataka yetu kwa moyo wake wote. Nililia, kama unataka kujua, na mara ya mwisho nililia kwa ajili ya klabu hii ilikuwa kwa hasira.

Nimeambatanisha fomu. Baba asaini, mwana asaini, ifike kwangu kabla ya tarehe 7 Oktoba, siku ya mwisho ya klabu kubadilishana wachezaji. Sloss ameshakubali mpango wangu wote. Wurth anakuja, Rohan anakuja, na Kona ameniambia kama itafaulu atakula kofia yake na mchuzi wa nyanya.

Noelene


Merredin
8 Oktoba 2005

Dada yangu,

Shikamoo. Glenys mzima. Mtoto mzima. Leo sina habari za mvua.

Fomu niliyokutumia wiki iliyopita niliisaini, kwa sababu Rohan alikuwa amesimama karibu na meza na kalamu yake tayari. Kuna mstari mmoja niliuacha, ule unaouliza idadi ya michezo. Nilidhani ukiuona mtupu utaniuliza. Jana nimekupigia simu mara mbili, na ulipoitikia nikakata. Laini ilikuwa nzima.

Usiipeleke fomu hiyo. Michezo yangu ni tisini na tisa.

Mwaka wa 1977 tulicheza na Studley ile Jumatano ya Kombe la Katikati ya Wiki. Mechi za kombe hazihesabiwi, ligi peke yake ndiyo huhesabiwa, na wewe unalijua hilo kuliko mimi, lakini siku ile uliibandika kwenye albamu na za Jumamosi, mbili kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu nilifunga na picha yangu ilitoka gazetini. Miezi miwili baadaye ukamwambia Mama nafikisha mia. Nilijua kuwa bado moja. Nilifika nyumbani baada ya mechi niseme, nikakuta Mama ameshaita mtaa mzima, baba yake mumeo Des amevaa tai, na keki ya sponji ina namba mia kwa krimu. Mama alikuwa anakata vipande. Ningesema nini? Nikasema moyoni, wiki ijayo itakuwa mia ya kweli, hakuna atakayejua. Wiki iliyofuata hawakunipanga. Wala iliyofuata. Halafu ikaja ile barua ya soksi.

Miaka ishirini na minane watu wananiita mtu wa michezo mia, nami naitikia. Nilimwambia hivyo Glenys. Nilimwambia hivyo mwanangu. Ndiyo maana nilikuambia wamchukue kwa namba mbili, nikidhani nitapita bila kusema. Mimi ni mwoga, dada. Waambie siku barua hii itakapofika, na naomba Mungu wawe hawakubadilisha chaguo jana.

Kelvin


Saltwater
9 Oktoba 2005

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu, salamu, na salamu tena! Nyonga leo haipo. Paka amepona. Hata mume wa Janine nimemsalimia kwenye simu.

Fomu ilifika bila hata kipande cha barua, lakini nakujua, ukizidiwa na furaha unakuwa gogo. Umesahau mstari mmoja, wa idadi ya michezo. Usijali, nimekujazia: mia, kwa wino mweusi, nikaipeleka mwenyewe mikononi mwa Sloss. Na juzi Ijumaa, saa moja kabla ya dirisha kufungwa, wamemaliza: chaguo namba mbili limekwenda Studley, Wurth amekuja kwetu. Wale wanywa divai wanadhani wametupiga. Hawajui kwamba tuna Rohan mfukoni.

Gazeti limeandika, "Mpango wa werevu kutoka Saltwater." Maneno hayo mawili, werevu na Saltwater, hayajawahi kukaa sentensi moja tangu gazeti lianzishwe. Na Sloss amewaambia waandishi kuhusu shangazi mwenye albamu. Wanakuja kunipiga picha Alhamisi. Nimesuka nywele.

Jumamosi Kona atakula kofia.

Noelene


Saltwater
23 Oktoba 2005

Kelvin,

Glenys nisalimie, Rohan nisalimie. Wewe subiri.

Barua yako ilifika Alhamisi asubuhi. Mpiga picha alikuwa sebuleni, ameshika kikombe changu kizuri. Niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikarudi nikakaa na albamu mapajani nikatabasamu, kwa sababu alisema tabasamu. Picha hiyo ilichapishwa. Siku nne baadaye makao ya ligi walirudisha fomu wakiwa wameandika namba moja tu kwa kalamu nyekundu, 99, na gazeti lilelile likachapisha picha ileile, safari hii ukurasa wa vichekesho.

Sloss anasema klabu "ilipotoshwa na chanzo cha nje". Chanzo cha nje ni mimi. Miaka arobaini na tisa nimelipa ada ya uanachama, leo ni chanzo cha nje. Nimemwambia ofisi nzima yenye watu ishirini na simu mezani haikuweza kuwapigia ligi kuuliza swali moja, na viatu vyake vile vyenye ncha angevitumia kujipigia teke mwenyewe. Alisema "mchakato". Nikaondoka.

Kwako nina maneno mengi na nimeyaandika yote kwenye barua nyingine nne, nimezichoma. Yaliyobaki ni haya. Ulikuwa na miezi minne. Ulikuwa na simu. Ulikuwa na kinywa, japo una meno pungufu. Ukaona afadhali niende kujianika mjini kuliko wewe ukose heshima kwenye ukumbi wa kijiji wenye watu tisa. Ungeandika neno moja Juni, chaguo namba mbili lingekuwa letu hadi leo na mtoto angekuja nalo. Sasa hatuna chaguo lolote mpaka la kumi na nane, tuna mzee mwenye goti, na Rohan atachukuliwa na yeyote.

Lakini kinachonikosesha usingizi si wewe. Ni ule ukurasa. Nimeufungua: Jumatano na Jumamosi, bega kwa bega, na mwandiko wangu pembeni umeandika 91, 92, kwa maringo kabisa. Maisha yangu yote nimedharau watu wasiojua kuhesabu. Refa, makocha, marehemu Des. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nimeingia na kofia kichwani.

Kona hakucheka. Alikuja na keki ya asali, akakaa, akasoma matangazo ya vifo kimya. Hilo liliniuma kuliko gazeti.

Mwambie mtoto ukweli. Usimwachie Glenys.

Noelene


Merredin
27 Novemba 2005

Dada Noelene,

Shikamoo. Tunavuna. Ngano ya juu imetoa vizuri, ya chini ni hasara. Glenys hakuzungumza nami siku sita, siku ya saba aliniambia nipitishe chumvi.

Nilimwambia Rohan usiku uleule barua yako ilipofika. Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani akaitoa jezi ukutani, akaikunja, akaiweka juu ya meza yangu pamoja na bili. Tangu hapo ananijibu "ndiyo" na "hapana".

Jana uliona uteuzi. Nilikaa nyuma ya kochi nisionekane. Studley walipotaja jina lake kwa chaguo namba mbili, chaguo letu wenyewe, Glenys alilia na majirani walipiga honi za malori barabarani. Rohan alisimama akapeana mikono na kila mtu. Mimi pia alinipa mkono, kama mtu wa benki.

Sasa jambo ninaloona aibu kuliandika. Anahamia Melbourne Januari. Studley humtafutia kila kijana nyumba ya kukaa, na wana familia nzuri upande wao, nyumba yenye bwawa la kuogelea. Amewaambia hapana. Amewaambia ana shangazi Saltwater. Nimemweleza kwamba uliapa, Des akiwa hai, kwamba rangi za Studley hazitapita mlango wako hata kwenye kitambaa cha kufutia pua. Akasema, "Muulize." Hilo ndilo neno refu aliloniambia mwezi huu.

Kwa hiyo nakuuliza.

Kelvin


Saltwater
4 Desemba 2005

Kelvin,

Kiapo ni kiapo. Atavaa hizo rangi zake akishafika barabarani. Chumba cha Janine kipo tayari, nimeng'oa kabati. Mwambie aje na mablanketi, najua mnavyodhani Melbourne kuna joto. Glenys asitume nyama, nina mchinjaji.

Noelene


Saltwater
9 Aprili 2006

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Nyonga nimepasuliwa Februari, natembea na fimbo na ninaitumia kwa mambo mengine pia. Paka amehamia kitandani kwa Rohan, msaliti. Rohan mzima. Ulikuwa sahihi kwa jambo moja katika barua zako zote: anakula.

Kiapo kimevunjika wiki ya pili, kwa sababu jezi za mazoezi hazijifui. Nimezianika uani, buluu na dhahabu, kwenye mtaa huu ambao hata mapipa ya taka yamepakwa rangi za Korongo. Jirani wa mbele alivuka barabara kuuliza kama nimefariki na nyumba imeuzwa. Nikamwambia bado, na kwamba nyasi zake zimezidi.

Jana tulicheza nao. Sisi na Studley, na Rohan wao. Nilikaa na Kona mahali petu, skafu yangu shingoni. Wurth wako, samahani, Wurth wangu, goti lilimshinda robo ya pili akatolewa kwa kigari. Usiseme kitu. Rohan alifunga magoli matatu, mawili kwa mguu wa kushoto. Nilimzomea yote matatu, kwa sauti yangu yote, kama ninavyomzomea kila mtu wa Studley. La tatu alifunga mbele yetu kabisa, akanitafuta kwa macho, akacheka. Kona akaniambia, "Noelene, unazomea huku unalia." Nikamwambia ni upepo. Tulifungwa kwa alama arobaini na nne.

Alirudi nyumbani ana uvimbe jichoni. Nilimkaangia chops za kondoo na viazi, akala amesimama, kisha akaniuliza, bila kunitazama: "Shangazi, Baba alikuwa mchezaji kweli, au ile nayo ilikuwa hadithi?"

Niliweka sufuria chini. Nilikuwa bado na hasira na wewe, Kelvin, nilikuwa nimeipanga vizuri, nilitaka ikae miaka. Lakini nilimwambia: "Baba yako ni mwoga mbele ya karatasi. Mbele ya mpira hajawahi. Alikuwa beki wa pembeni, mguu mmoja wa kushoto wa mapambo tu, na hakuna mtu aliyempita mara mbili siku moja. Alicheza tisini na tisa, nami nilikuwepo zote, mvua na jua. Ya mia peke yake ndiyo ya uongo, na hiyo nilihesabu mimi."

Alimaliza viazi vyake. Halafu akauliza, "Sasa kwa nini haji kuniona?"

Nilimwongezea viazi. Jibu hilo sina. Njoo umpe mwenyewe. Tarehe 29 tunacheza nao tena hapahapa, uwanja uleule ulioutoka na soksi zao. Hakuna atakayekucheka, wananicheka mimi na nimezoea. Glenys alale chumbani kwangu, wewe utalala kwenye kochi.

Na ukikaa upande wa Studley, usinipungie mkono.

Dada yako,
Noelene